Askari wa Bombani: Jeshi la Zimbabwe katika Vita vya Msumbiji, 1982–1993

Zimbabwe haina bahari. Kutoka Mutare, mji wake wa mpakani upande wa mashariki, hadi Bahari ya Hindi ni takriban kilomita 300 tu, lakini karibu zote zimo ndani ya Msumbiji. Reli, barabara na bomba la mafuta hupita humo hadi bandari ya Beira, na kwa pamoja njia hizo huitwa Ushoroba wa Beira. Kuanzia mwaka 1982 hadi 1993 askari wa Zimbabwe walizilinda, na kwa kuzilinda wakaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya jirani yao. Ili tuelewe walivyoingia na walivyotoka, yatupasa kurudi nyuma miaka 20, tena tuanzie Dar es Salaam.

Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, wakavuka mto Ruvuma kwenda kupambana na Wareno. Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Februari 1969, naye Samora Machel akashika uongozi. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, na ramani ya vita vya ukombozi kusini mwa Afrika ikabadilika.

Ilibadilika kwa sababu jirani wa magharibi, Rhodesia, bado ilikuwa mikononi mwa walowezi. Kiongozi wao, Ian Smith, alikuwa amejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 ili kuwazuia Waafrika walio wengi wasitawale. Machel aliwapa wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU, kambi ndani ya Msumbiji, na tarehe 3 Machi 1976 akaufunga mpaka. Uamuzi huo uliigharimu nchi changa ushuru wa bandari, nauli za reli na ajira za wengi. Wala hasara haikuishia kwenye fedha. Agosti 1976 majeshi ya Rhodesia yalishambulia kambi ya Nyadzonya, na Novemba 1977 yakashambulia Chimoio, na mamia ya watu wakapoteza maisha, wakiwemo wakimbizi wasio na silaha.

Rhodesia ilikuwa na silaha nyingine ya kimyakimya. Idara yake ya ujasusi, chini ya Ken Flower, ilikusanya Wamsumbiji walioikimbia au kuichukia Frelimo, ikawafunza, ikawapa bunduki na redio ya kutangazia. Kundi hilo ndilo lililokuja kuitwa Renamo. Kiongozi wake wa kwanza, André Matsangaissa, aliuawa Oktoba 1979 huko Gorongosa, na Afonso Dhlakama akachukua nafasi yake. Vijijini, jina la marehemu lilibaki: wapiganaji wa Renamo waliitwa "matsanga", na mara lilipotajwa usiku, watu walizima moto na kukimbilia porini.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya chimbuko la vita hivi. Wapo wanaosema Renamo ilikuwa chombo cha wageni na hakuna zaidi. Wengine, akiwemo mwanaanthropolojia Mfaransa Christian Geffray aliyefanya utafiti katika mkoa wa Nampula, wameonyesha kuwa palikuwa na kinyongo cha ndani. Frelimo iliwaondoa machifu wa jadi, ikawahamishia wakulima katika vijiji vya pamoja mbali na mashamba na makaburi ya wazee wao, ikabana dini na kuwapeleka watu katika kambi za mafunzo mapya ya siasa. Hoja zote mbili zina uzito, na tarehe zinatusaidia kuzipatanisha. Bila silaha za nje Renamo isingezaliwa mwaka 1977, na bila manung'uniko ya ndani isingeweza kudumu hadi 1992. Tuliweke hilo akilini, kwa maana jeshi la jirani linaweza kupambana na bunduki, lakini halina uwezo wa kuondoa manung'uniko.

Rhodesia ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980 na kuwa Zimbabwe, wengi walidhani Renamo imekwisha, kwa kuwa mlezi wake amekufa. Haikuwa hivyo. Viongozi wake, wapiganaji na redio yao walihamishiwa Afrika Kusini, wakapewa kambi huko Phalaborwa. Makaburu waliotawala huko walikuwa na sababu yao. Tarehe 1 Aprili mwaka huo huo, nchi huru za kusini mwa Afrika zilikutana Lusaka na kuunda SADCC, umoja uliokusudia kupunguza utegemezi wao kwa Afrika Kusini. Njia kuu ya kujikomboa ilikuwa bandari za Msumbiji. Kila shehena iliyopita Beira ilikuwa shehena iliyoikosesha Durban mapato, na iliyowapunguzia Makaburu uwezo wa kuwatisha majirani. Basi kuanzia hapo madaraja yakalipuliwa, reli zikang'olewa, na bomba la mafuta likatobolewa mara kwa mara.

Usiku mmoja wa Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliteketeza matangi ya mafuta ya Beira. Kule Harare magari yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya petroli, na wenye magari wakalala humo humo wakisubiri. Ni katika msimu huo ndipo serikali ya Robert Mugabe ilipotuma askari mamia kadhaa kuvuka mpaka, kwa makubaliano na Machel. Kazi yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza. Bomba lenyewe limefukiwa ardhini, lakini vituo vya kusukumia mafuta, kama kile cha Maforga, viko wazi, na reli haifichiki. Askari walipiga kambi kando ya njia, wakafyeka vichaka, wakatembea kufuata bomba na reli wakitafuta udongo uliochimbuliwa karibuni. Adui wao alihitaji usiku mmoja na baruti kidogo, ilhali wao walitakiwa kukesha kila siku.

Kwa nini Zimbabwe iliingia? Maelezo ya kwanza ni deni la udugu. Wema hauozi, na wengi wa maofisa wa jeshi jipya, akiwemo mkuu wa jeshi la nchi kavu, Solomon Mujuru, waliwahi kuishi na kupigana wakiwa Msumbiji. Maelezo ya pili ni uchumi: nchi isiyo na bahari inalinda mlango wake. Maelezo ya tatu ni usalama, kwamba kama Maputo ingeanguka mikononi mwa watu wa Pretoria, Harare ingefuata. Tukizipima hoja hizi kwa mfululizo wa matukio, mwanzoni uchumi ndio uliotangulia. Askari wa kwanza hawakupelekwa mahali wananchi wa Msumbiji walipoteswa zaidi, bali mahali mafuta yalipopita. Lakini uchumi peke yake hautoshi kueleza yaliyotokea baada ya 1984.

Tarehe 16 Machi 1984 Machel na P.W. Botha walitia saini Mkataba wa Nkomati. Msumbiji iliahidi kutowapa hifadhi wapiganaji wa ANC, chama kilichopinga utawala wa Makaburu, nayo Afrika Kusini ikaahidi kuacha kuisaidia Renamo. Msumbiji ilitimiza sehemu yake kwa uchungu mkubwa, lakini mashambulizi hayakupungua, bali yalisambaa mikoani. Juni 1985 Machel, Mugabe na Julius Nyerere wa Tanzania walikutana Harare na kukubaliana kwamba kulinda njia hakutoshi. Idadi ya askari wa Zimbabwe ikaongezwa, na kwa makadirio mengi ilifikia takriban 10,000 katika miaka iliyofuata. Kutoka hapo mlinzi wa bomba aligeuka kuwa mshambuliaji.

Tarehe 28 Agosti 1985 askari wa Zimbabwe, wakiwemo wa miavuli, waliiteka Casa Banana, makao makuu ya Renamo huko Gorongosa. Dhlakama alitoroka, lakini aliacha kitu chenye thamani kuliko silaha, yaani shajara za katibu wake. Humo mliandikwa, siku baada ya siku, mawasiliano na Afrika Kusini yaliyoendelea hata baada ya Nkomati, pamoja na safari za naibu waziri wa nchi hiyo katika kambi hiyo hiyo. Pretoria ililazimika kukiri kwamba ilikiuka mkataba, ingawa iliuita ukiukaji wa kiufundi. Kwa Msumbiji, hapo ndipo shaka ya miaka mingi ilipopata ushahidi.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na funzo gumu. Wazimbabwe waliikabidhi Casa Banana kwa jeshi la Msumbiji, na Februari 1986 Renamo wakaichukua tena. Aprili Wazimbabwe wakairudisha kwa mara ya pili. Tusiwadharau askari wa Msumbiji kwa hilo. Wengi wao walikuwa vijana walioandikishwa kwa lazima, ambao walikaa miezi bila mshahara, na pengine bila chakula wala viatu. Jeshi la jirani liliweza kuwapa ushindi wa siku moja, lakini halikuweza kuwapa dola yenye uwezo wa kuulinda.

Baada ya hapo vita viliwavuta majirani wengine. Septemba 1986 Machel, Mugabe na Kenneth Kaunda wa Zambia walikwenda Blantyre kumkabili Rais Kamuzu Banda, wakiituhumu Malawi kuwa inawahifadhi waasi. Muda mfupi baadaye Renamo walimiminika Zambezia na Tete wakitokea upande huo. Tarehe 19 Oktoba ndege ya Machel ilianguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, naye akafariki. Joaquim Chissano alirithi nchi iliyokaribia kukatwa vipande viwili kwenye mto Zambezi. Tanzania ilipeleka askari wapatao 3,000, hasa Zambezia, wakakaa hadi mwaka 1988. Malawi yenyewe iligeuka: ilitia saini makubaliano ya usalama na Msumbiji, na mwaka 1987 ikatuma askari wake kulinda reli ya Nacala, ambayo nayo iliihitaji kwa mizigo yake.

Barabara ya kutoka Nyamapanda, kwenye mpaka wa Zimbabwe, hadi Zóbuè, kwenye mpaka wa Malawi, kupitia Tete, ilionyesha wazi faida na mipaka ya ulinzi wa Wazimbabwe. Ina urefu wa takriban kilomita 260, na madereva wa malori waliokwenda Malawi hawakuthubutu kuipita peke yao. Walikusanyika mpakani, wakapangwa katika msafara, magari ya jeshi la Zimbabwe mbele, katikati na nyuma. Pembeni walipita mabati yaliyotobolewa kwa risasi na malori yaliyoungua yasiyoondolewa. Msafara ukishapita, barabara ilibaki tupu, na mwanakijiji aliyekuwa akiutazama kutoka shambani alibaki na usiku wake ule ule.

Wanakijiji hao ndio waliolipa gharama kubwa kuliko wote. Renamo waliwateka vijana na watoto, wakachoma shule na zahanati, na huko Homoíne, Julai 1987, watu zaidi ya 400 waliuawa, mauaji ambayo serikali iliyabebesha Renamo. Ukweli unatudai tuseme pia kwamba wanajeshi wa serikali na washirika wao wa Zimbabwe waliwahamisha watu kwa nguvu kutoka maeneo ya waasi, na hawakuwatenganisha daima raia na mpiganaji. Zaidi ya watu milioni moja waliikimbia nchi, wengi wakienda Malawi, na wengine katika kambi za Zimbabwe kama Tongogara. Kuanzia 1987 Renamo walivuka mpaka na kulipiza kisasi katika vijiji vya mashariki mwa Zimbabwe. Huko Chipinge waathirika walikuwa Wandau, watu wa lugha moja na Dhlakama, wenye jamaa zao pande zote mbili za mpaka.

Kufikia mwisho wa muongo ilikuwa dhahiri kwamba hakuna atakayeshinda. Afrika Kusini ilikuwa ikibadilika, ukame uliwamaliza wapiganaji wa pande zote, na Frelimo ikaacha siasa ya chama kimoja. Viongozi wa makanisa ya Msumbiji, akiwemo Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira, walikutana na Renamo Nairobi mwaka 1989. Rais Daniel arap Moi wa Kenya na Mugabe wakajaribu upatanishi, na Julai 1990 mazungumzo ya ana kwa ana yakaanza Roma, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio.

Hapa yatupasa tutue. Makubaliano ya kwanza ya maana yaliyofikiwa Roma, yaliyotiwa saini tarehe 1 Desemba 1990, hayakuhusu uchaguzi wala madaraka, bali yalihusu askari wa Zimbabwe. Wangerudi nyuma na kubaki katika ushoroba wa Beira na ule wa Limpopo, wenye reli ya kwenda Maputo, tu, nao Renamo wangeacha kushambulia njia hizo. Jeshi lililoanza kwenye bomba mwaka 1982, likapanda hadi Gorongosa, lilirudishwa bombani ili Wamsumbiji waanze kuzungumza. Tarehe 4 Oktoba 1992 Chissano na Dhlakama walitia saini mkataba wa amani. Umoja wa Mataifa ukapeleka walinzi wake, na Aprili 1993 Wazimbabwe wa mwisho wakarudi kwao. Oktoba 1994 wananchi walipanga foleni kupiga kura: Chissano akashinda, na Dhlakama akapata kura zaidi ya theluthi moja.

Theluthi hiyo yastahili kutafakariwa. Katika mikoa ya kati, ambako askari wa Zimbabwe walipigana kwa miaka 10, wengi waliichagua Renamo. Kura zao hazifuti damu iliyomwagwa na Renamo, lakini zinathibitisha kwamba manung'uniko ya vijijini yalikuwepo muda wote, chini ya mlio wa bunduki. Zimbabwe ililinda njia, na bila ulinzi huo yawezekana serikali ya Msumbiji ingeanguka na Beira ikafungwa. Hilo ni jambo kubwa, na walioacha maisha yao kando ya reli ile wanastahili heshima ya mataifa yote mawili. Lakini njia ni ukanda mwembamba tu. Nje ya ukanda huo iliishi nchi nzima, na amani yake haikupatikana hadi wenye nchi walipokaa meza moja.