Mwanafunzi wa Kubuni: Funzo la Kesi ya Boston ya 1997

Kila tunapojadili namna ya kuwapokea vyuoni wanafunzi wenye disleksia, usonji au tatizo la umakini, huzuka swali: je, wanahitaji msaada kweli au wanatafuta njia ya mkato? Katika insha hii naonyesha, kwa kutumia historia ya Chuo Kikuu cha Boston nchini Marekani, jinsi shaka hiyo inavyoweza kugeuka sera.

Sheria ya Marekani ya 1973 ilizikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu, lakini kanuni zake zilicheleweshwa. Aprili 1977, watu wenye ulemavu, baadhi yao wakiwa kwenye viti vya magurudumu, walikaa ndani ya jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Kanuni zikatiwa saini. Zilitaja pia matatizo mahususi ya kujifunza, na zikavizuia vyuo kuwanyima wanafunzi wenye ulemavu ruhusa ya kutumia vinasa sauti darasani. Hivyo, mapambano yao yaliwafaa hata wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Boston kilisifika kwa ofisi yake ya kuwahudumia wanafunzi hao. Mwaka 1995 Jon Westling, kiongozi wa chuo ambaye baadaye alikuwa rais wake, alihutubia kuhusu mwanafunzi aliyemwita Samantha. Eti Samantha alidai nakala za mihadhara na muda wa ziada katika mtihani, na akataka afundishwe upya yale yaliyompita akisinzia darasani. Mwaka huohuo chuo kiliwataka wanafunzi wapimwe upya kila baada ya miaka mitatu, tena kikakataa kuwabadilishia somo la hisabati au la lugha ya kigeni.

Mwaka 1996 wanafunzi walikwenda mahakamani. Huko Westling alikiri kwamba Samantha hakuwahi kuwapo, alimbuni mwenyewe. Mwaka 1997 Jaji Patti Saris aliamua kuwa chuo kilivunja sheria, na wanafunzi sita wakalipwa fidia. Hata hivyo, kuhusu lugha ya kigeni alikitaka chuo kijadili suala hilo kitaaluma. Kamati ya walimu ilishikilia sharti hilo, na mwaka 1998 jaji akalikubali.

Mimi ninayesoma lugha naona hukumu zote mbili ni za haki. Chuo kina haki ya kulinda kiini cha shahada yake, ila kwa hoja na ushahidi, si kwa hadithi ya mtu asiyekuwapo.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Lakini katika kumbi zetu za mihadhara bado nawasikia akina Samantha wakitajwa: "Huyo ni mvivu tu." Kuwapa wanafunzi maelezo ya mhadhara mapema, kuwaruhusu kurekodi, au kumwongezea dakika anayesoma polepole hakushushi kiwango cha shahada. Tuanze kwa kuwauliza wenyewe wanachohitaji, kwani wao wapo, nasi tunakaa nao dawati moja.