Jina na Jeraha: Kutafuta Misukumo ya Wahusika katika Rosa Mistika

Mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, ni mtaa wa maduka, na Kiswahili husikika humo kutwa. Jina lake ni la Kifaransa, na maana yake ni mtaa wa Waasia. Asili yake ni desturi ya utawala wa Kibelgiji ya kuugawa mji huu, ambao zamani uliitwa Usumbura, kwa kufuata rangi za watu: Wazungu kwao, wafanyabiashara wa Kiasia kwao, na Waafrika katika mitaa kama Buyenzi na ule ulioitwa Belge, ambao sasa ni Bwiza. Utawala huo ulikoma tarehe 1 Julai 1962, lakini jina limebaki. Mtu alitajaye leo, akiwa njiani kwenda kununua kitambaa, hana nia ya kumtenga yeyote. Hata hivyo, neno limehifadhi jambo ambalo msemaji wake amelisahau.

Tumelitanguliza jina hilo kwa kuwa uchambuzi tunaokusudia kuueleza una msingi wa namna hiyo hiyo. Sigmund Freud (1856–1939), daktari wa Vienna, alifundisha kwamba mtu hutenda mengi kwa misukumo asiyoijua mwenyewe. Jambo lililomwumiza hulizamisha moyoni, nalo hurudi kwa sura nyingine: katika ndoto, katika ulimi kuteleza, au katika tendo lirudiwalo bila sababu ya wazi. Baada ya kitabu chake juu ya ndoto, cha mwaka 1900, wanafunzi wake na yeye mwenyewe waliipeleka elimu hiyo katika fasihi. Mwaka 1928 Freud aliandika juu ya Dostoevsky na riwaya yake ya ndugu wa Karamazov, akitafuta chanzo cha chuki ya mwana kwa baba. Swali letu ni hili: je, elimu hiyo yatufaa sisi tusomeshao riwaya ya Kiswahili?

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili waitwa Hasidi na Mwivu. Humo jina ndilo linalotangaza tabia. Msomaji hana haja ya kuuliza kwa nini Hasidi ahusudu, maana jawabu limo katika jina lake. Hiyo ni sanaa yenye heshima yake, iliyorithi hekima ya ngano na ya mafunzo ya maadili, na mwalimu aliyezoea kuifundisha huwauliza wanafunzi wake: nani mwema, nani mbaya?

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Humo jina halitangazi tena tabia. Kwa faida ya wasomaji wasioijua ibada ya Kikatoliki, tueleze kwamba "Rosa Mystica", yaani waridi la fumbo, ni moja ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika litania yake. Na "Regina", jina la mama yake Rosa, maana yake ni malkia, sifa nyingine ya litania hiyo. Basi binti amepewa jina la usafi usio na doa kabla hajatenda lolote, na mama aitwaye malkia anapigwa na mumewe mlevi. Kila jina ni sitara iliyotandikwa juu ya jeraha.

Jeraha lenyewe twalijua. Rosa apata barua kutoka kwa kijana Charles, na baba yake, Zakaria, ampiga vibaya kwa ajili yake. Wazee husema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Huenda Zakaria angejitetea kwa methali hiyo. Lakini tutazame kilichotokea ndani ya binti. Barua ndiyo ishara ya kwanza ya mapenzi maishani mwake, nayo imefuatwa na fimbo. Tangu hapo kupendwa na kuadhibiwa vimefungwa pamoja. Afikapo shule ya wasichana ya Mwanza, awaogopa wanaume. Woga huo ukivunjika, aangukia upande wa pili, na hata chuoni Morogoro aendelea kujitoa kwa wanaume wasiomjali. Kwa macho ya sheria ya maadili, huo ni uasherati tu. Kwa macho ya uchambuzi huu, ni kurudia: binti arejea mahali alipoumizwa, kana kwamba safari hii huenda mambo yakaisha vingine.

Mwishoni Charles arudi na kumtaka ndoa, kisha amwacha ajuapo kwamba Rosa si bikira. Rosa ajiua. Tunadhani hapa ndipo elimu ya Freud inapofaa zaidi, kwa kuwa yeye alifundisha kwamba sauti ya mzazi mkali huingia ndani ya mtoto ikawa hakimu asiyelala. Zakaria hahitaji kushika fimbo tena, maana binti amejifunza kujihukumu mwenyewe, na hukumu yake imezidi ile ya baba.

Lakini hatuna budi kuwa na kiasi. Frantz Fanon, tabibu wa Martinique, alionya katika kitabu chake cha mwaka 1952 kwamba nafsi ya mtu aliyetawaliwa haielezwi kwa mambo ya nyumbani pekee, bali pia kwa jamii iliyomzunguka. Vivyo hivyo, Zakaria hakujizua mwenyewe. Nyuma yake kuna ufukara, pombe, na desturi impayo mwanamume mamlaka bila kumdai wajibu. Wala hatudai kwamba mwandishi alikusudia kila ishara tunayoiona.

Historia ya kitabu hiki yaonyesha uzito wa jambo hili. Kilipotoka, kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa kudhaniwa kuwa kitapotosha vijana. Baadaye kiliruhusiwa, hata kikawa kitabu cha kiada. Waliokikataza walikisoma kwa swali la zamani, mwema au mbaya, wakaona ubaya wa binti tu. Aulizaye "kwa nini" huona kwamba onyo kubwa la kitabu wanaelekezwa wazazi. Twaweza kusema kwamba marufuku ile ilifanana na tendo la Zakaria: kuadhibu kwa ajili ya barua badala ya kuzungumza juu yake.

Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020, naye ametuachia kazi. Kiswahili kimepata nafasi zaidi katika shule za Burundi, na riwaya hii yaweza kufika katika madarasa yetu, ambamo akina Rosa na Regina ni wengi. Tunapendekeza kwamba, kabla ya kumwuliza mwanafunzi kama Rosa alikosa, mwalimu amwulize mambo matatu: Rosa aliogopa nini? Alijifunza kwa nani kukiogopa? Na nani angaliweza kumsikiliza? Hukumu yaweza kungoja majibu hayo. Huenda darasani mnaye binti mwenye barua aliyoificha, na namna tumsemavyo Rosa ndiyo itakayomwamulia kama atathubutu kusema naye.