Muuru na Chokaa

Weupe ulikuwa na hadhi yake kwa Waembu na Wameru kabla rangi ya mikebe haijafika pande hizo za Mlima Kenya, kwa kuwa mganga alikuwa akitumia ira, udongo mweupe laini, katika ibada za kutakasa na kubariki. Lakini kwa upande wa samani, kigoda kilichochongwa kwa gogo moja kilipata rangi yake kwa moshi na kwa kukaliwa. Meza na kabati za kuungwa zilienea baada ya serikali ya Kiingereza kujenga boma la Embu mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908, na misheni zilipofuatia, kama ile ya Chogoria iliyoanza mwaka 1922, vijana wakajifunza randa na msumeno.

Mbao iliyosifiwa kupita zote ilikuwa ya muuru, ambao wataalamu wa mimea huuita Vitex keniensis, na Waingereza, kwa kuiona mbao yake yashabihi ya kwao, wakauita mwaloni wa Meru. Kwao Uingereza, mafundi wa karne ya 16 walisugua chokaa katika mwaloni ili kuzuia wadudu, ikabaki ndani ya vinyweleo vya mti; na katika miaka ya 1920 na 1930 weupe huo ukarejea kuwa fahari ya nyumba. Kwa hiyo naona muuru una haki kamili ya pambo hilo, maana nyuzi zake zinastahili kudhihirishwa.

Walakini muuru umeadimika, na tangu serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake mwaka 1999, fundi aghalabu hutegemea mukima, ule mgrevilea wa Australia uliopandwa mashambani kuipa kahawa kivuli. Naye huzimua rangi nyeupe kwa maji, akaipaka, akaifuta kwa kitambaa kabla haijakauka, kisha akamalizia kwa vanishi. Hilo si kosa. Kosa ni kulifunika kabati kuukuu la muuru kwa rangi nzito, kana kwamba ni mbao ya masanduku. La namna hiyo livuliwe vanishi yake kwa msasa, lisuguliwe kwa brashi ya waya kufuata nyuzi, na weupe utiwe ndani ya vinyweleo tu, uso wa mti ukiachwa wazi.