Zaidi ya Kusadikika: Riwaya za Ajabu kwa Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwulize mwanafunzi wa sekondari wa Iringa au Mbeya akutajie riwaya ya Kiswahili inayokwenda katika nchi isiyokuwemo kwenye ramani yoyote, naye atakutajia Kusadikika. Hajakosea. Nchi ya Shaaban Robert inayoning'inia angani, ambako Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, imesomwa na vizazi vingi tangu ilipochapwa mwaka 1951. Linalonisikitisha ni kwamba wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Wenye kiu ya falme za kale, majini, safari za kuzimu na vita vya wenye nguvu zisizoonekana huikata kwa mifululizo mashuhuri ya Kiingereza na filamu zake, wakiamini kuwa Kiswahili hakina cha kuwapa. Kinacho, tena kingi, na kimekuwa nacho tangu kabla riwaya haijazaliwa.

Kabla ya riwaya zilikuwapo tendi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, uliigeuza habari ya vita dhidi ya Kaisari wa Rumi kuwa simulizi ya mashujaa wenye nguvu kupita za binadamu, na Utendi wa Rasi 'lGhuli ukaenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Msomaji wa leo atahitaji mwalimu wa kumfungulia lugha ya tendi hizo, kwa hiyo simpendekezei aanze nazo. Ninampendekezea hadithi za nathari zilizosimuliwa Unguja, ambazo Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alizichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo imo hadithi ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani anakamata ndama, sultani anaambiwa, naye anajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Paka anaingia kwenye mbuzi, ng'ombe, ngamia, kisha kwa watu, na jibu ni lilelile, mpaka siku anapowala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anapokubali kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Kijana aliyedharauliwa na kuitwa mkaa jikoni ndiye anayekwenda kumwinda, na kila mara anarudi na mnyama asiye nunda. Sijui hadithi nyingine fupi ya Kiswahili inayomweleza mtawala anayelea maangamizi yake kwa uwazi wa namna hii.

Huku bara, kwenye baridi ya milima yetu, ajabu ilikuwa ikisimuliwa kwa Kihehe, Kibena, Kikinga, Kinyakyusa, Kisafwa na Kinyiha, na Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara, baadaye ya boma na ya shule. Hilo ndilo lililoamua mambo mengi. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilifungua shule Malangali, katika Mufindi ya leo. Mkuu wake, W. B. Mumford, alitaka elimu isiwang'oe watoto katika mila zao, kwa hiyo wazee walialikwa shuleni kufundisha historia na desturi za makabila yao, na wanafunzi walivaa mavazi ya kijadi badala ya kaptula na shati. Mtu anaweza kuukosoa mpango ule, maana Mzungu ndiye aliyechagua kipi katika mila kinafaa na kipi hakifai. Hata hivyo, kwa muda mfupi wazee wa nyanda za juu walikaa mahali pa walimu, ndani ya uzio wa shule ya serikali.

Mwaka uliofuata, 1929, maduka ya vitabu yalipokea ajabu ya aina nyingine. Alfu Lela Ulela ilitoka kwa Kiswahili, na Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili na mtunzi mkuu wa kamusi ya 1939, akatoa tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Safari za Gulliver zikafuata mwaka 1932, na Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940. Katika orodha hii, kitabu cha Haggard kinanisumbua. Mwingereza alibuni Afrika yenye hazina iliyofichwa milimani na bibi kizee mchawi aliyeishi vizazi vingi, akawauzia Waingereza wenzake. Miaka 40 na ushee baadaye Afrika hiyo ya kubuni ikaletwa kwa watoto wa Kiafrika wajifunzie kusoma, wakati mzee wa Kihehe mwenye hadithi zake alikuwa hai jirani na darasa. Hadithi za mzee hazikuchapwa, za Haggard zilichapwa, na mwandishi chipukizi hujifunza kazi kwa kilichomo rafuni.

Shaaban Robert alijifunza kwa rafu hiyo na akaizidi. Mtu aliyemaliza Kusadikika nampa Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, ambacho kwa maoni yangu ni kizuri zaidi kama hadithi. Mfalme Rai wa Ughaibu anapata habari kuwa liwali wake Adili, mtu mwema kwa kila hali, huwapiga manyani wawili kila usiku huku akilia. Manyani hao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu. Kiini chake kimetoka katika Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban amekipa upole na uchungu wake mwenyewe: yule anayepiga anateseka kuliko wanaopigwa, naye hana ruhusa ya kuacha. Kufikirika, kilichotoka mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, ni kigumu kidogo zaidi na kinawafaa wanaopenda mabishano ya elimu na jadi.

Mwaka huohuo wa 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na kwa muongo mzima na zaidi riwaya ya Tanzania ikawa na shughuli nyingine: vijiji, mji, ukoloni uliopita, kiongozi mwema na kiongozi mbaya. Ajabu ilionekana kama mabaki ya fikra za kale. Katikati ya hali hiyo, mwaka 1977, akatokea mwandishi wa kwetu, C. G. Mung'ong'o, na Mirathi ya Hatari. Njombe wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, hadi ilipojitenga mwaka 2012, na riwaya hii inanuka ardhi ya huko. Kijana Gusto, aliyepata elimu ya shule, anarithishwa uchawi na baba yake. Mwandishi hauchezei uchawi huo kwa kuufanya ndoto au uvumi. Ndani ya kitabu una viapo, usiku, watu na gharama yake, na kijana anaubeba kama vile wengine wanavyoachiwa shamba lenye kesi. Wengi walikisoma kitabu hiki shuleni wakakihesabu kuwa onyo dhidi ya ushirikina. Mimi nawaomba warudi wakisome kama riwaya ya ajabu iliyokamilika, ya kwanza kubwa kutoka milima hii.

Lakini Mirathi ya Hatari imeushika upande mmoja tu. Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa katika miaka ya 1930 wakiandika maisha ya watu wa Rungwe, na Monica akachapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1951, mwaka uleule wa Kusadikika. Wanyakyusa walimweleza kuwa nguvu ya mchawi ni chatu wakaao tumboni mwake, wanaotoka usiku kutafuta nyama na maziwa ya jirani. Kisha wakamweleza jambo lililo zito zaidi: walinzi wa kijiji, abamanga, nao wana chatu wao. Bila nguvu ileile mlinzi hawezi kuwaona wachawi wala kupambana nao gizani. Kwa hiyo kijiji kilimhitaji na kilimwogopa, na mstari kati ya kulinda na kula haukuwa katika aina ya nguvu, ulikuwa katika matumizi yake na katika kauli ya wanakijiji. Mkuu aliyewaonea watu wake aliweza kupatwa na baridi ya ghadhabu yao, akaugua. Mwandishi wa riwaya angetaka nini zaidi? Hapa pana vita vya usiku, pana siasa, na pana swali la maadili lisilo na jibu jepesi, yote katika migomba ya Rungwe. Na karibu yake kuna Lubaga, msitu wa matambiko ya Lwembe, mtawala aliyetukuzwa, ambako watawala wa maeneo mengi walipeleka dhabihu kuomba mvua.

Iringa yenyewe imependelewa na wapenda historia. Ushindi wa Wahehe pale Lugalo mwezi Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, kifo cha mtawala wao Mkwawa mwaka 1898, na kichwa chake kilichoandikwa hadi ndani ya Mkataba wa Versailles na kurudi mwaka 1954, ni mambo ambayo mtunzi asingethubutu kuyabuni. M. M. Mulokozi aliyafanyia tamthilia, Mukwava wa Uhehe, mwaka 1979, kisha akawaandikia vijana mfululizo wa Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi katika miaka ya 1990. Mtoto wa miaka 12 anayeomba hadithi ya mapigano na ujasiri apewe hivyo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote cha nje.

Wakati riwaya ya ajabu ya Kiswahili ilipofikia kimo chake ni kati ya mwaka 1990 na 2002, na sababu zake si za bahati. Ujamaa ulikuwa umekwama, chama kimoja kilifikia mwisho wake mwaka 1992, soko huria likaingia na ahadi nyingine, na waandishi waliokuwa wameandika kwa uhalisia walijikuta hawana tena ulimwengu ulio imara wa kuuakisi. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, ndiye aliyevunja mlango. Katika Nagona anamtuma msimulizi wake kwenye bonde la ukimya na mifupa, kumtafuta paa ambaye hashikiki, na njiani anakutana na wanafalsafa wakubwa wa dunia wakiwa wakazi wa mji. Katika Mzingile, cha mwaka 1991, msimulizi anapanda kumfikishia mzee mmoja habari ya msiba, na mzee huyo ana kila dalili ya kuwa Muumba aliyechoka. Vitabu vyote viwili ni vyembamba. Visomwe mara mbili, mara ya kwanza bila kujaribu kuelewa kila kitu.

Asiyeweza kuvumilia mafumbo hayo aende kwa Katama Mkangi wa Kenya. Katika Walenisi, cha mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo cha anga ili akaangamie huko juu, anajifunza kukiendesha na kutua kwenye jamii yenye haki. Mwendo wake ni wa kasi na hasira yake iko wazi. Kisha amfuate Said Ahmed Mohamed, ambaye katika Babu Alipofufuka cha mwaka 2001 anamleta marehemu usiku wa manane kwa mjukuu mwenye cheo na tumbo lililoshiba, amwonyeshe nchi aliyoiuza. Kyallo Wamitila naye, katika Bina-Adamu! cha mwaka 2002, anamzungusha kijana wa kijijini mabara yote akimtafuta anayeitwa P.P., na utandawazi unageuka kuwa nchi ya mazimwi.

Kitabu ninachokipigania kuliko vyote hivyo ni Ziraili na Zirani cha William Mkufya, kilichotoka mwaka 1999. Anayependa vita vikubwa kati ya majeshi ya nuru na ya giza atavipata hapa, Mbingu na Kuzimu zikiwa na majemadari, mikakati na wasaliti, na katikati yake binadamu, Zirani, asiyekubali kuinama mbele ya yeyote. Mkufya hamwambii msomaji ashike upande gani. Kwa ukubwa wa dira yake kitabu hiki kinastahili kukaa rafu moja na kazi kubwa za aina hiyo duniani, na inaniuma kukutana na walimu wa Kiswahili ambao hawajakifungua.

Tangu hapo ajabu imehamia zaidi magazetini na kwenye simu. Hadithi za majini na misukule zinazotoka kila wiki, sehemu baada ya sehemu, zina wasomaji wengi kuliko riwaya zote nilizozitaja, na baadhi ya watunzi wake wanajua hasa namna ya kumfanya mtu asilale. Wanachokosa ni mhariri mvumilivu.

Mpaka sasa mandhari ya ajabu hii yametawaliwa na pwani, Ziwa Viktoria, Nairobi, na nchi zisizo na jina. Mimi naisubiri riwaya ya abamanga, na baada yake naisubiri riwaya ya Mbozi. Pale Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kimelala kimondo cha tani zipatazo 16, karibu chote chuma. Wageni walikisikia mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wakikijua siku zote. Na wenyeji hao, Wanyiha, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe katika tanuri ndefu za udongo na kufua majembe na mikuki, kazi yenye dawa na miiko yake. Taifa la wafua chuma liliishi na mlima mdogo wa chuma ulioshuka kutoka mbinguni, chuma ambacho hakikupitia tanuri la mtu yeyote. Nani alikuwa wa kwanza kukigonga kwa nyundo, alikatazwa na nani, na usiku ule tanuri lake lilitoa nini? Mwandishi wa Vwawa, Mlowo au Tunduma anayajua majina, miiko na baridi ya alfajiri ya huko kuliko mtu mwingine yeyote, na kurasa za kwanza ni zake.