Nani alibebwa zaidi ulingoni?

Jumatatu ya Aprili 3, 2017, mjini Orlando, Florida, mwanamieleka Roman Reigns alipanda ulingoni na kipaza sauti mkononi, asiweze kusema neno. Kila alipokisogeza mdomoni, ukumbi mzima ulimzomea. Akikishusha, kelele zilipungua kidogo. Akikiinua, zilianza upya. Karibu dakika kumi zilikatika hivyo, yeye kasimama tu, anatazama huku na kule. Mwishowe alitamka sentensi moja fupi, kwamba uwanja huo sasa ni wake, akashuka na kwenda zake.

Usiku uliotangulia, katika onyesho la WrestleMania 33, Reigns alikuwa amemshinda Undertaker, mkongwe ambaye katika mapambano 24 ya WrestleMania alikuwa amepoteza moja tu. Kuzomewa si ajabu katika mieleka ya kulipwa. Waovu wa mchezo hulipwa ili wazomewe. Ila Reigns hakuwa mwovu. Kampuni ya WWE ilikuwa imemwandaa kwa miaka kadhaa awe shujaa wake mkuu, mrithi wa John Cena. Mashabiki walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao: kijana anabebwa.

Asiyeufuatilia mchezo huu huuliza swali la haki kabisa. Kama mshindi hupangwa kabla ya kengele kulia, kuna kipaji gani cha kubishania? Kwamba matokeo hupangwa si siri tena. Mwaka 1989 kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa WWF, iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, ili isisimamiwe kama ndondi. Lakini kuanguka kwa mgongo kwenye mbao zilizotandikwa turubai hakuigizwi. Mwanamieleka mzuri humwinua mwenzake na kumbwaga kwa kishindo bila kumvunja shingo. Hujua lini aharakishe na lini alale chini akigugumia ili watu wamwonee huruma. Hujua kuongea. Na juu ya yote hayo, huwafanya watu watoe fedha zao mfukoni.

Kipaji kisipoendana na kasi ya kupandishwa, kuna anayelipia. Bill Goldberg aliyetoka kwenye kandanda ya Kimarekani alionekana kwenye runinga ya WCW, kampuni iliyoshindana na WWF, kwa mara ya kwanza Septemba 1997. Julai 6, 1998, miezi isiyofika kumi baadaye, alimshinda Hulk Hogan ndani ya Georgia Dome mjini Atlanta na kuvaa mkanda wa dunia. WCW ilitangaza kwamba ameshinda mapambano 173 mfululizo, hesabu ambayo hata mashabiki wake waliicheka, kwa kuwa namba ilipanda kwa kasi kuliko idadi ya mapambano aliyopigana. Watu walimpenda kikweli, na hilo lazima lisemwe. Lakini Desemba 1999, katika onyesho la Starrcade, alimpiga Bret Hart teke la kichwa lililotua kweli. Hart, mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo, alipata mtikisiko wa ubongo na mwaka uliofuata alistaafu.

Jina linalotajwa kabla ya mengine yote katika ubishi huu, hata hivyo, ni Ultimate Warrior. Jim Hellwig alikuwa mtunisha misuli. Aliingia mbio, uso umepakwa rangi, akazitikisa kamba za ulingo kama aliyepagawa, na mara nyingi alipofika kwenye pambano lenyewe pumzi ilikuwa imekwisha. WWF ilipata dawa ya tatizo hilo, nayo ni ufupi. Agosti 1988, katika SummerSlam ya kwanza pale Madison Square Garden, alimchukua Honky Tonk Man, bingwa wa Intercontinental aliyeshikilia mkanda kwa siku 454, akammaliza kwa takriban nusu dakika. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Nani angetaka dakika ya pili?

Aprili 1, 1990, mjini Toronto, mbele ya watu zaidi ya 67,000, Hogan alimwachia taji la dunia. Pambano lilidumu zaidi ya dakika 20 na halikuwa baya hata kidogo, kwa sababu kila hatua ilipangwa mapema. Tatizo lilianza kesho yake. Bingwa hutakiwa kuzunguka mji hadi mji, usiku baada ya usiku, na huko hakuna wa kumpangia kila pumzi. Viingilio vilishuka, na Januari 1991 alinyang'anywa mkanda na Sgt. Slaughter. Wasomaji wa jarida la Wrestling Observer la Dave Meltzer, ambao kila mwaka humpigia kura mwanamieleka anayesifiwa kuliko anavyostahili, walimchagua Warrior mwaka 1989, 1990 na 1991.

Hata hivyo, Machi 1991 huyohuyo Warrior alipigana na Randy Savage katika WrestleMania VII, na pambano lile bado linahesabiwa miongoni mwa mazuri ya enzi hiyo. Savage alikuwa na desturi ya kupanga mapambano yake hatua kwa hatua kabla ya kupanda ulingoni. Kwa hiyo Warrior alikuwa na uwezo wa kufanya kazi, mradi apate wa kumwongoza. Kumdharau moja kwa moja ni uvivu. Alitoa kile alichoajiriwa kukitoa, yaani misuli, kelele na nusu dakika ya moto. Waliomkabidhi taji ndio wa kuulizwa.

Hogan naye hutajwa, na hapo mashabiki wengi hukosea. Mbinu zake zilihesabika kwa vidole: ngumi, teke la usoni, kisha kumwangukia mtu kwa paja. Usiku wa WrestleMania III, Machi 29, 1987, Ricky Steamboat na Savage walionyesha ufundi ambao Hogan hakuwahi kuukaribia. Lakini watu waliojaa Pontiac Silverdome, kampuni ikitangaza 93,173, idadi inayobishaniwa hadi leo, walikwenda kumwona Hogan akimnyanyua Andre the Giant. Anayeujaza uwanja wa namna hiyo hakubebwa. Yeye ndiye aliyewabeba wengine, pamoja na mishahara yao.

Sababu za kumbeba mtu ni zilezile tangu zamani, na ya kwanza ni damu. Bill Watts alipokabidhiwa uongozi wa WCW mwaka 1992, mwanawe Erik, ambaye hata miguu haijazoea ulingo, alianza kushinda mbele ya kamera huku wenye uzoefu wakingoja zamu. Kura ya Observer ya mwaka huo ilimwangukia yeye. Baba alipoondoka mwanzoni mwa 1993, nyota ya mwana ilizimika.

Kisa cha Texas kinauma zaidi. Fritz Von Erich alimiliki kampuni ya World Class mjini Dallas na nyota wake walikuwa wanawe. David, aliyetegemewa kuliko wote, alifia Japani Februari 1984. Biashara ilihitaji Von Erich mwingine, na aliyefuata ni Mike, kijana mwembamba asiye na mwili wala ufundi wa kaka zake. Alisukumwa kwenye nafasi ya marehemu naye hajafikisha miaka 21. Mwaka 1985 alifanyiwa upasuaji wa bega, akapata maambukizi yaliyokaribia kumuua, na aliporudi ulingoni hakuwa Mike yule. Aprili 1987 alijiua, akiwa na miaka 23. Katikati ya misiba hiyo Fritz alimleta kijana aitwaye Lance Von Erich, akamtangaza kuwa binamu. Hakuwa na udugu wowote na familia ile. Mashabiki wa Dallas, waliokuwa wakiwapenda wale vijana kama watoto wa mtaani kwao, walipojua waliona wametukanwa.

Sababu ya pili ni kimo. Promota akiona mtu wa futi saba hufumba macho kwa mengine. Jorge González wa Argentina alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu aliyechaguliwa na Atlanta Hawks mwaka 1988. Mwili haukufaa kikapu cha NBA, akapelekwa kwenye mieleka, na mwaka 1993 alikabiliana na Undertaker katika WrestleMania IX akiwa amevalishwa vazi la kubana lililochorwa misuli na kubandikwa manyoya. Hata watoto walijua lile ni vazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka zaidi Kamala, lile jitu lililotangazwa kuwa limetoka Uganda. Uganda yenyewe haikumjua. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na wazo lilizaliwa Memphis mwaka 1982, wakati jina la Idi Amin bado likiwatisha Wamarekani; hadithi ilidai jamaa alikuwa mlinzi wake. Walimpaka rangi usoni na tumboni, wakamvua viatu, wakamkabidhi mkuki, wakamkataza kuongea. Ni tusi kwa nchi nzima, na halikumnufaisha sana hata Harris mwenyewe. Kamala alipandishwa haraka kila alipokwenda ili ashindwe na shujaa wa hapo: Hogan, Andre, na mwaka 1992 Undertaker mbele ya umati wa Wembley, London. Taji la dunia la WWF hakulipata kamwe. Huyu si wa kuwekwa kwenye orodha ya waliobebwa, ingawa wapo wanaomweka.

Dalip Singh Rana, askari polisi wa Punjab anayejulikana kama The Great Khali, yeye alipata taji la dunia. Aliingia WWE Aprili 2006 kwa kumshambulia Undertaker, na Julai 2007, bingwa Edge alipoumia, alishinda pambano la watu 20 na kuvishwa taji. Alitembea kwa shida na kuanguka kwa shida zaidi. Wapinzani walilazimika kumzunguka mithili ya mafundi wanaozunguka mnara. Lakini Khali alikuwa na kitu kingine mbali na kimo. Alikuwa na India.

Hiyo ndiyo sababu ya tatu: soko. Miaka kumi baadaye WWE ilirudia hesabu hiyohiyo kwa Jinder Mahal, Mkanada wa Calgary mwenye asili ya Kipunjabi. Alikuwa ameachishwa kazi mwaka 2014, akarudishwa 2016, na kazi yake ya kila wiki ilikuwa kupigwa. Ghafla, Aprili 2017, alishinda nafasi ya kugombea ubingwa, na Mei 21 akamwangusha Randy Orton. Alikuwa amejenga mwili kwa bidii kubwa na aliijua kazi yake, lakini hakuna aliyekuwa amewaandaa watazamaji kumwona katika cheo kile. Novemba 7, mjini Manchester, mkanda ulikwenda kwa AJ Styles. Mwezi uliofuata kampuni ilifika New Delhi, mji ambao bingwa Jinder alitengenezwa kwa ajili yake. Pale, mbele ya Wahindi waliokata tiketi, Jinder alishindwa na Triple H, mmoja wa mabosi wa WWE.

Mashabiki hawakukaa kimya siku zote. Januari 2014, mjini Pittsburgh, Batista alishinda Royal Rumble, pambano ambalo washiriki huingia mmoja baada ya mwingine, na ukumbi ukamgeuka, kwa kuwa waliyemtaka ni Daniel Bryan, mtu mfupi kwa vipimo vya WWE na fundi kuliko karibu wote waliokuwa pale. Hata Rey Mysterio, kipenzi cha watoto, alizomewa kwa kosa la kutokea akiwa wa 30 na wa mwisho, wakati kila mtu akimsubiri Bryan. Kampuni ilisalimu amri: Aprili 6, mjini New Orleans, Bryan aliondoka na mkanda. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alisubiri miaka 11 hadi sauti za watu zilipompeleka kwenye taji Aprili 2019. Kisha, Oktoba, akapokonywa na Brock Lesnar kwa muda usiofika sekunde 10. Hakuna aliyewahi kusema Kofi alibebwa.

Na Reigns? Waswahili husema mbebwa hujikaza, naye alijikaza. Mwaka 2018 alijitoa ili kutibiwa saratani ya damu, akarudi, na Agosti 2020 hatimaye akaruhusiwa kuwa mwovu, meneja Paul Heyman akiwa kando yake. Aliongea polepole, alitisha, alishikilia taji kwa siku 1,316 hadi Aprili 2024. Waliomzomea Orlando walilipa ili kumwona. Kumbe uwezo ulikuwepo; walichokosea wakubwa ni kumlazimisha awe mtu ambaye hakuwa.

Kwa mwandishi wa makala haya, aliyebebwa kuliko wote ni Lex Luger wa mwaka 1993. Alikuwa na mwili wa kuchongwa na kazi yake WCW haikuwa mbaya. Lakini WWF ilikuwa imepoteza Hogan na ikaamua kumtengeneza mwingine kwa haraka. Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, Luger alishuka kwa helikopta juu ya meli ya kivita ya Intrepid, New York, akamnyanyua na kumbwaga Yokozuna, bingwa mwenye uzito unaozidi kilo 200. Akapewa basi lililopakwa rangi za bendera, akazungushwa nchi nzima kupeana mikono na watu. Agosti 30, katika SummerSlam, Yokozuna alihesabiwa nje ya ulingo. Luger akatangazwa mshindi, maputo yakaanguka, wenzake wakambeba mabegani. Mkanda ukabaki kwa Yokozuna, maana kwa sheria za WWF bingwa hapotezi taji kwa kuhesabiwa nje.

Maputo yale yalisherehekea kitu ambacho hakikutokea. Machi 1994, katika WrestleMania X, Luger alipewa nafasi nyingine akapoteza kwa kuondolewa mchezoni, na usiku huohuo Bret Hart, ambaye hakupewa basi wala helikopta, ndiye aliyemvua Yokozuna ubingwa. Luger hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa WWF.