Archie Mafeje na neno "kabila"

Mwaka 1963 kilitoka kitabu kuhusu Langa, mtaa wa Waafrika jijini Cape Town. Jaladani kuna majina mawili: Monica Wilson, profesa Mzungu, na Archie Mafeje, mwanafunzi wake Mwafrika. Aliyekwenda Langa kuzungumza na watu ni Mafeje.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri mwandamizi. Serikali ya makaburu ikatisha, na baraza la chuo likafuta uteuzi, ingawa hapakuwa na sheria iliyolilazimisha. Wanafunzi wapatao 600, wengi wao Wazungu, walikalia jengo la utawala kwa siku tisa. Haikusaidia.

Mwaka uliofuata Mafeje alikuja Dar es Salaam kuongoza Idara ya Sosholojia pale Mlimani. Mwaka 1971 akachapisha makala ambayo, kwangu, inazidi vitabu vyake vyote. Hoja yake: wasomi wa Ulaya wanaona "makabila" Afrika kwa sababu walikuja wakiyatafuta, na mara nyingi ukoloni wenyewe uliyaunda. Kwao Afrika Kusini, aliandika, lugha za wenyeji hazina neno hilo. Mtu aliulizwa anatoka nchi ya chifu gani.

Sisi neno tunalo, tulilipata kwa Waarabu, na tunalitumia bila kusita. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Kenya waliulizwa tena 2019. Lakini Mafeje hakusema hisia za ukabila ni ndoto. Alitofautisha mwanakijiji anayelinda mila za kwao na mkubwa aliyeko mji mkuu anayelia kabila ili abaki madarakani. Huyu wa pili, alisema, anawadanganya watu wake. Anayefuatilia kampeni zetu za uchaguzi hahitaji mfano.

Baadaye alifundisha The Hague na Cairo. Miaka ya 1990, ubaguzi ukielekea ukingoni, aliomba kiti cha uprofesa cha A. C. Jordan kwenye chuo kilekile cha Cape Town. Wakamkataa tena, safari hii bila waziri yeyote wa kusingiziwa. Mwaka 1996 kiti hicho alipewa Mahmood Mamdani, naye aliyewahi kufundisha Mlimani.

Mafeje alifariki Pretoria, Machi 2007. Chuo kiliiomba radhi familia yake mwaka 2008.