Frank Gardner: mwandishi wa habari aliyerudi kazini katika kiti cha magurudumu

Frank Gardner ni mwandishi wa habari Mwingereza anayeshughulikia mambo ya usalama katika shirika la BBC, ambalo idhaa yake ya Kiswahili wengi wetu tunaijua. Tangu mwaka 2004 miguu yake imepooza kwa sababu ya risasi. Tunaeleza maisha yake hapa kwa kuwa huku kwetu pia wako wandugu wengi walioachiwa ulemavu na risasi, na mara nyingi tunahesabu kwamba siku hiyo kazi yao imekwisha.

Mwanzo wake

Gardner alizaliwa mwaka 1961, na wazazi wake walikuwa wanadiplomasia. Akiwa kijana wa miaka 16 alikutana na Wilfred Thesiger, msafiri aliyevuka jangwa la Arabuni pamoja na Wabedui, na tangu hapo akaanza kupenda nchi za Waarabu. Alisoma lugha ya Kiarabu na mambo ya Uislamu katika Chuo Kikuu cha Exeter, akamaliza mwaka 1984. Baadaye alifanya kazi ya benki kwa miaka mingi. Mwaka 1995 aliacha benki akaingia BBC, akatumwa Dubai mwaka 1997, kisha Cairo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, alipewa kazi ya kufuatilia habari za usalama na za kundi la Al-Qaeda.

Siku ya 6 Juni 2004

Siku hiyo alikuwa Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, katika mtaa wa Al-Suwaidi. Alikuwa pamoja na mpiga picha Simon Cumbers, raia wa Ireland mwenye miaka 36. Watu wenye silaha waliwashambulia. Cumbers aliuawa. Gardner alipigwa risasi sita, akabaki chini barabarani akiomba msaada kwa Kiarabu. Risasi moja iliharibu mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo. Alifanyiwa upasuaji mara 14 na kukaa hospitalini miezi saba.

Mmoja wa washambuliaji alikamatwa, akahukumiwa, na kunyongwa hakukuwa njia: aliuawa na serikali ya Saudi Arabia Januari 2016 pamoja na wafungwa wengine 46. Kwa kumkumbuka Cumbers, mfuko uliopewa jina lake huko Ireland umesaidia waandishi waliotaka kuripoti habari za nchi zinazoendelea.

Kurudi kazini

Mwaka 2005 Gardner alirudi BBC, katika kazi ileile ya usalama. Mwaka huohuo alipewa nishani ya OBE na Malkia wa Uingereza. Tunaona hapa jambo la kuangalia sana: hakupewa kazi ya huruma. Alijua Kiarabu, alijua watu na historia ya eneo lile, na elimu hiyo haikupotea pamoja na nguvu za miguu. Amekwenda Afghanistan kuripoti vita akiwa katika kiti chake, na mwaka 2013 alirudi Saudi Arabia kutengeneza filamu. Ameandika kitabu juu ya maisha yake, Blood and Sand (2006), na riwaya kadhaa. Kwa kuwa anapenda ndege wa porini, alifika hata misitu ya Papua New Guinea, ambako wenyeji walimbeba mahali ambapo kiti hakipiti.

Vizuizi vinavyobaki

Hata hivyo jina kubwa halikumwondolea taabu. Mwaka 2018, London, aliachwa ndani ya ndege abiria wote wakiwa wameshuka, kwa sababu kiti chake hakikuletwa. Mwaka 2024, katika ndege nyingine, ilimbidi atambae sakafuni kwenda chooni, kwa kuwa hapakuwa na kiti cha kumsaidia. Kila mara alisema waziwazi, akijua kwamba wengine wanapatwa na hayo bila mtu wa kuwasikiliza.

Kwa hiyo tunajifunza mambo mawili. Mwenye ulemavu akiwa na elimu na ujuzi, apewe kazi ya ujuzi wake. Na kabla ya kusema hawezi, tuangalie kwanza ngazi za mlango wetu.